Soma Vichekesho, na Usione Haya

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia, kwa adabu lakini kwa kuchoma: "Wewe unayetuhimiza kujiendeleza, mbona kila tukikusikia unasoma vichekesho na miongozo ya safari? Huoni unapoteza muda?"

Ndugu yangu, swali hilo nimelizoea. Kuna bosi wangu wa zamani, kila akinikuta na kitabu saa ya mapumziko alikuwa anakigeuza, anatazama jalada, anakirudisha mezani bila kusema neno. Uso wake ulitosha. Kwake yeye, kitabu ni cha kufaulia mtihani au cha kutajirikia. Nikisema nimeshamsamehe nitakuwa naongopa.

Lakini juzi juzi nimetoka Paris, na niacheni nijisifu kidogo. Wenzangu walishapanga Jumanne twende Louvre, lile jumba kubwa la makumbusho. Jumanne Louvre hufungwa! Mwongozo wangu ulisema hivyo waziwazi, tukahamia makumbusho mengine, Musée d'Orsay, ambayo siku yake ya kufunga ni Jumatatu. Yule aliyenicheka kwenye ndege ndiye aliyekuja usiku kukiazima kitabu, tena akakirudisha kona zimekunjwa.

Na msidhani mwongozo na kichekesho havijuani. Mwingereza Jerome K. Jerome alikusudia kuandika mwongozo wa Mto Thames, na historia yake na mandhari yake. Utani ukamzidi nguvu, na kilichotoka mwaka 1889 kikawa *Three Men in a Boat*. Zile kurasa za historia bado zimo, zimetulia kama wazee kwenye harusi ya vijana. Mnapofika pale wanaume watatu wanapohangaika na kopo la mananasi, hawana cha kulifungulia, wanaligonga na kulipiga mpaka linapoteza umbo, mbavu zitawauma. Mimi tangu niisome sehemu ile sifungi begi bila kukagua vitu vidogo vidogo. Mwambieni bosi wangu hilo nalo ni elimu.

Kwa hiyo someni! Mwongozo msiuanzie kwenye picha. Tafuteni kwanza mwaka wa toleo, maana nauli na saa za kufungua huchakaa upesi kuliko karatasi. Halafu someni namna ya kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini, kwa sababu hapo ndipo mgeni anapolizwa. Nyota zinazowekwa kwenye sehemu zinazosifiwa msizikimbilie sana. Tangu mchapishaji Mjerumani Karl Baedeker alipoanza kuziweka kwenye miongozo yake katika karne ya 19, watu wamekuwa wakirundikana penye nyota na kupapita palipo patulivu.

Kichekesho nacho kisiingie kwenye sanduku kubwa. Kikae begi la mkononi, karibu na pasi ya kusafiria. Ndege ikichelewa, wenzako wakianza kugombana na mtu wa kaunta, wewe fungua ukurasa ucheke kwa sauti. Watakutazama vibaya. Waache.