Msitu wa kijiji: maswali yenu ya wiki hii

Mwenyekiti kamkatia mtu kipande cha msitu wetu wa kijiji, sisi tumeshtukia trekta limeshaingia. Ana mamlaka hayo?

Hana, na hata halmashauri ya kijiji nzima ikikaa ikagonga muhuri bado haitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 imewaachia halmashauri ardhi waitunze kama mtu aliyeachiwa mali ya yatima, hawaruhusiwi kumgawia mtu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie, yaani nyie wote mliofika miaka 18. Sasa ndugu yangu usiende kugombana na dereva wa trekta, nenda kwa mtendaji uombe muhtasari wa mkutano uliopitisha hiyo kitu pamoja na karatasi ya mahudhurio, pitia jina moja moja uone kama waliosaini walikuwepo kweli. Muhtasari usipoonekana andikeni barua kwa mkurugenzi wa wilaya, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kulalamikia kijiweni tu ndo kunakotumaliza, naumia sana nikiona watu wana haki yao halafu hawana karatasi.

Tunauza magogo kila mwaka ila zahanati haijaisha. Hela ni ya nani?

Inategemea msitu. Kama ni hifadhi ya serikali kuu iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, nyie mnasimamia kwa ubia tu na mgao unafuata makubaliano yenu. Kama ni msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Misitu ya 2002, basi mavuno ni mapato ya kijiji. Kule Kilwa kuna vijiji vinavyovuna mpingo kwa utaratibu huo, 2009 vikapata mpaka cheti cha FSC, kile cha kimataifa kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa kuutunza. Mapato na matumizi yasomwe mkutano mkuu, ambao unatakiwa kila miezi mitatu, na wewe ukisimama kuuliza, omba waoneshe stakabadhi za kila gogo lililotoka.

Hatujautangaza rasmi, tunaulinda kimila tu. Kuna shida?

Ipo. Bila mipaka kwenye ramani, mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu kisha wilaya, mtamkamata mchoma mkaa halafu faini yenu isisimame popote. Duru-Haitemba kule Babati serikali ilitaka kuugeuza hifadhi yake, vijiji vikakataa, na miaka ya 90 vikakabidhiwa vyenyewe, lakini vilikuwa na mipango na doria zao mkononi.

Wanawake kwenye vikao tunaitwa kupika chai. Sheria inasemaje?

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25 na robo lazima wawe wanawake, baraza la ardhi la kijiji, lile linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina watu 7 na wasiopungua 3 ni wanawake. Dada zangu dai kiti, kuni na dawa za mitishamba mnazijua nyie.

Sisi ni wafugaji, kila mwaka wakulima wanamega kidogokidogo. Hati ya mtu mmoja mmoja itasaidia?

Kwa malisho na msitu mnaotumia wote hapana, kila mtu akipata kipande chake ataweza kukiuza. Ulizeni hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata yao 2011, na leo msitu wao unawaingizia hela ya hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kuutunza usikatwe. Anzeni na mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, bila huo hati haitoki, na hakikisheni njia ya mifugo kwenda majini imechorwa humo kabla mkutano haujapitisha.