Maswali ya Wasomaji: Kitovu cha Tungamo Protoni Zinapogongana

SWALI: Ndugu Mhariri, tumefundishwa kwamba chembe ikigonga nyingine iliyotulia yenye tungamo sawa, kitovu cha tungamo (nukta ya wastani wa tungamo zote) huenda kwa nusu ya mwendokasi wa ile inayogonga. Nimeitumia kanuni hiyo kwa protoni inayokaribia kasi ya mwanga, lakini jibu langu halilingani na la kitabu. Kasoro iko wapi?
Mwanafunzi wa fizikia, Morogoro

JIBU: Kanuni hiyo ni sahihi kwa chembe ziendazo polepole, ambazo momenta zake (tungamo mara mwendokasi) hujumlishwa kwa kuzingatia mwelekeo, kisha jumla hiyo ikagawanywa kwa tungamo yote. Karibu na kasi ya mwanga, kigawanyo ni nishati: chukua momenta yote, zidisha kwa mraba wa kasi ya mwanga, ugawanye kwa nishati yote. Usiisahau nishati ya tungamo ya protoni iliyotulia (nishati iliyomo katika tungamo yenyewe hata bila mwendo), kwani ukiiacha utapata mwendokasi wa protoni inayogonga, si wa kitovu.

Mfano ninaoupenda ni wa mtambo wa kuongeza kasi ya protoni, Bevatron, wa Berkeley, Marekani, ambako Emilio Segrè, Owen Chamberlain na wenzao waligundua antiprotoni (chembe kinyume cha protoni, yenye chaji hasi) mwaka 1955. Tuite nishati ya tungamo ya protoni moja m, yaani takriban elektrovolti milioni 938. Ili mgongano na protoni tuli uzae jozi ya protoni na antiprotoni, protoni inayogonga huhitaji nishati ya mwendo isiyopungua 6m, hivyo nishati yake yote ni 7m. Momenta yake, ikizidishwa kwa kasi ya mwanga, ni kipeuo cha pili cha 48, mara m, yaani karibu 6.93m. Gawanya kwa 8m, na kitovu kinakwenda kwa asilimia 86.6 ya kasi ya mwanga, ilhali kanuni ya nusu ingekupa asilimia 49.5 tu.

Jihakikishie hivi: katika kiwango hicho cha chini kabisa, chembe zote nne zinazotoka (protoni mbili za awali na jozi mpya) husafiri pamoja na kitovu, kila moja ikiwa na nishati 2m, na jumla ni 8m ileile. Kati ya 6m zilizogharimiwa, 2m pekee ndizo zilizozaa chembe mpya; nyingine zote zimebaki kuwa mwendo. (Berkeley walitumia shabaha ya shaba, na kwa kuwa protoni za ndani ya kiini hazitulii, kiwango hicho hushuka kidogo.) Hasara hiyo ndiyo iliyowafanya wahandisi wagonganishe miale miwili inayokabiliana, kwa maana momenta zikibatilishana, kitovu husimama na nishati yote huweza kuzaa chembe.