Betri ya pili iko ndani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: laptopu imechoka, je, naweza kuifungua mwenyewe nikaongeza nguvu? Naanza na ya mwalimu, kwa sababu ina sentensi moja iliyoninyima raha tangu nilipoisoma.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Muheza. Nilinunua ThinkPad T480 iliyotumika, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, diski ya kawaida ya GB 500. Kuwaka tu inachukua dakika tano, na nikifungua Excel ya matokeo ya wanafunzi naweza kwenda kuchota maji nikarudi. Dukani wamenishauri niongeze RAM ifike GB 16. Nimeangalia video, kazi naona naiweza. Najua lazima nitoe betri kwanza, na ya kwangu inachomoka kwa nyuma bila hata bisibisi, kwa hiyo hapo niko salama. Kuna lingine la kuzingatia?

Marahaba, mwalimu. Hapo uliposema uko salama ndipo moyo uliponipasuka. T480 ina betri mbili. Hiyo unayoichomoa nyuma ni moja. Ya pili iko ndani, chini ya kifuniko, upande ule unapolaza viganja ukiandika. Lenovo waliifanya hivyo makusudi ili mtu abadilishe betri ya nyuma bila kuzima kazi. Maana yake ukichomoa chaja na betri ya nyuma, umeme bado upo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na wewe unaingiza bisibisi ya chuma.

Nikueleze kwa nini nalishikilia hili. Nikiwa mwaka wa pili kujifunza ufundi, nililetewa laptopu ya binti wa chuo, tasnifu yake imo humo. Niliizima, nikatoa chaja, waya wa betri nikauacha kwa sababu kazi ilikuwa ya dakika mbili. Skrubu ikaponyoka kwenye ncha ya bisibisi, ndogo kuliko punje ya mchele, ikatua kando ya soketi ya betri. Cheche moja ya buluu, kisha harufu kama ya nywele zilizoungua. Mazabodi ilikufa palepale. Diski ilipona na tasnifu ikapona, lakini ile mazabodi niliilipa kwa miezi minne, na uso wa yule binti alipokuwa akinisikiliza ninauona mpaka leo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza nakili matokeo na kila unachokithamini kwenye flashi au diski nyingine. Angalia kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli linalolinda data za diski. Kama ndiyo, isimamishe kwa muda na uandike pembeni ule ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa sababu ukigusa mipangilio ya BIOS, ile ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka, unaweza kudaiwa ufunguo huo. Halafu chomoa chaja, bofya Restart, na nembo ya Lenovo ikitokea ugonge F1. Ingia Config, kisha Power, utakuta mstari ulioandikwa Disable Built-in Battery. Uchague, ukubali. Kompyuta itajizima, na betri ya ndani italala mpaka utakapochomeka chaja tena. Sasa ndipo utoe ya nyuma.

Laza mashine kifudifudi juu ya meza ya mbao, si kwenye sofa wala zulia. Gusa nondo za dirisha au chuma kingine kikubwa kabla ya kushika chochote ndani, urudie kila unaponyanyuka na kurudi. Muheza kuna unyevu, umeme wa mwilini hausumbui kama kule Njombe majira ya baridi kavu, lakini chipu haijui uko wilaya gani. Skrubu za kifuniko cha T480 hazitoki kabisa. Zilegeze tu mpaka zizunguke bure, kisha tembeza kadi ya plastiki kwenye mshono, klipu ziachie moja baada ya nyingine. Kisu usikisogeze. Ukishafungua utaiona betri ya ndani kwa macho yako. Ukiweza kuifikia soketi yake, ichomoe pia.

Skrubu nyingine zote utakazotoa, ziweke juu ya karatasi uliyoichora umbo la mashine, kila moja mahali ilipotoka. Kuna za urefu tofauti, na iliyo ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kilicho upande wa pili.

Sasa ushauri wa duka. Hawakukudanganya, ila wameanzia mkiani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, uangalie wakati Excel inakutesa. Nadhani utakuta Disk imegota asilimia 100 huku Memory, yaani RAM, ikiwa na nafasi. Diski ya kuzunguka kama yako, hata ikisoma faili moja kwa mfululizo, hutoa kama MB 100 kwa sekunde, na ikilazimika kurukaruka kutafuta vipande vidogo hushuka sana. SSD, diski ya chipu, ya aina ya kiunganishi kiitwacho SATA, hufika kama MB 550, na kurukaruka hakuisumbui, kwa kuwa haina kinachozunguka. Pesa yako ya kwanza ipeleke huko.

Nunua ya inchi 2.5, ya SATA, itakaa palepale ilipokaa diski ya zamani na kutumia waya uleule. Wakikuletea ile nyembamba kama kipande cha chingamu, iitwayo M.2, T480 huhitaji trei na waya mwingine, nawe huna. Ukiona SSD ya TB 2 kwa bei ya flashi, iache. Nimewahi kuifungua moja ya kuchomeka kwa USB nikakuta kadi ya kumbukumbu ya simu imegundishwa ndani. Programu ya H2testw hupima ukubwa wa kweli. Ipitishe siku ya kwanza, diski ikiwa bado tupu na risiti ikiwa mkononi.

Kuhamisha Windows unaweza kutumia Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, pamoja na waya wa USB wa kuunganisha diski ya SATA. Angalia tu, mwalimu, usikosee ipi ni chanzo na ipi inapokea. Soma majina mara mbili kabla ya kukubali.

RAM tutaizungumza baadaye, ukiona Memory nayo imejaa. Pale pale kwenye Performance pameandikwa nafasi ngapi zimetumika. Ikiwa ni moja kati ya mbili, unanunua kipande kimoja tu cha GB 8 cha DDR4, ndicho kizazi cha RAM kinachoingia humo. Na mashine hiyo inastahili gharama: T480 nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha nane, zinazokubaliwa na Windows 11, wakati Windows 10 Microsoft waliiacha tarehe 14 Oktoba 2025.

Dada fundi, nimenunua RAM ya GB 8 lakini haiingii, pengo lake halilingani na kimwinuko cha kwenye soketi. Rafiki yangu anasema nikwangue kidogo kwa wembe itaingia. Mwanafunzi, Morogoro.

Usikwangue, mdogo wangu! Lile pengo limewekwa ili kukuzuia. Huenda umebeba DDR3 kwenye mashine ya DDR4, au kinyume chake. DDR3 ya laptopu ina pini 204 na hutumia volti 1.5, au 1.35 ikiwa na herufi L mwishoni. DDR4 ina pini 260 na volti 1.2. Irudishe leo kabla haijachubuka. Na ukienda, chomoa ile ya zamani uende nayo mkononi, muuzaji asome lebo mwenyewe.

RAM ya MacBook Air M1 inaongezwa wapi?

Haiongezwi. Imeunganishwa na chipu yenyewe tangu kiwandani. Hifadhi nayo imelehemewa. Tunza pesa.

Habari fundi. Niko Likoni, Mombasa. Nimeongeza RAM kwenye HP yangu, nikawasha, skrini ikawa giza na mashine inalia pi-pi. Nimeiharibu?

Si lazima. Hizo pi-pi ni lugha yake ya kusema haioni RAM vizuri. Zima, toa chaja, chomoa betri, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 20 umeme uliobaki uishe. Toa vipande vyote viwili. Huko kwenu hewa ya chumvi huvifunika vile vimeno vya dhahabu utando usioonekana. Chukua ufutio wa penseli ulio safi, usugue taratibu ukiwa mbali na mashine, kisha upangusie makombo kwa kitambaa kikavu. Vidole visiguse dhahabu tena.

Rudisha kimoja tu. Kiingie kwa mshazari, sukuma mpaka dhahabu ikaribie kumezwa yote, halafu kilaze chini hadi klipu za pande mbili zilie *ta* kwa pamoja. Wengi wanaoniletea tatizo hili walilaza kabla hawajasukuma: klipu zikashika, lakini vimeno vilikuwa nje kwa milimita moja. Washa, na usiwe na pupa, mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM skrini inaweza kukaa giza hata dakika nzima. Ikiwaka na kile kimoja, ongeza cha pili. Kisha andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, uiache ipime RAM yote kabla hujaanza kazi ya maana.

Fundi, nataka kuweka SSD lakini naona sehemu ya kugusia kipanya imeinuka na haibonyezeki. Niendelee? Mama wa wawili, Dodoma.

Usiendelee, dada yangu. Hiyo ni betri imevimba na inasukuma kutoka chini. Toa chaja sasa hivi na usiiwashe tena. Usiikandamize kifuniko kifunge, usiitoboe ili "itoe hewa", maana betri ya lithiamu ikitobolewa hushika moto usiozimika kirahisi. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia na mbali na hao watoto, kisha mpelekee fundi aitoe kwa kifaa cha plastiki. Betri yenyewe isiishie kwenye jalala linalochomwa. SSD itangoja. Ukishatolewa ile iliyovimba, niandikie namba iliyochapwa mgongoni mwake, nikutafutie inayolingana.