Je, tumezidi kulalamika?

Ndugu, umeuliza kama watu wa leo wana hasira kuliko waliotutangulia, au ni kelele tu ndizo zilizoongezeka. Kwa maoni yangu hasira ni ile ile. Kilichobadilika ni anayeandikiwa. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lipo bamba la udongo la mwaka 1750 hivi kabla ya Kristo, ambalo mteja aitwaye Nanni alimwandikia mfanyabiashara Ea-nasir wa Uru, mji wa kale uliokuwa katika Iraki ya leo, akimlaumu kwa shaba hafifu na kwa kumdharau mjumbe wake. Maneno ni makali (na yanafurahisha kusoma hadi leo), lakini yalimwendea mtu aliyeweza kurekebisha kosa.

Malalamiko ya siku hizi mara nyingi huandikiwa watazamaji, na mitandao huwatuza wanaokasirika. Utafiti wa William Brady na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba katika mijadala yenye mvutano kila neno la hisia za kimaadili (yaani lenye hisia na hukumu ya jema au baya kwa pamoja) lililoongezwa kwenye ujumbe wa Twitter liliongeza kusambaa kwake kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba kizazi hiki kimedeka. Anayeumia zaidi hapa ni yule aliyedhulumiwa kweli, kwa kuwa madai yake yenye ushahidi na tarehe hufunikwa na ghadhabu ya watu wasiohusika, ambao kesho watakuwa wamehamia jambo jingine.