Ukungu wa Eldoret na rubani "anayefika tu"

SWALI: Kapteni, salamu kutoka Kitale. Mwezi uliopita nilipanda ndege ya asubuhi kutoka Nairobi kwenda Eldoret. Tulizunguka juu ya mawingu karibu nusu saa, kisha tukarudishwa Nairobi kwa sababu ya ukungu. Rafiki yangu alinicheka, akasema yuko mwenye ndege ndogo ya kukodi ambaye hufika tu, ukungu uwepo usiwepo, kwa kuwa ana GPS. Siku hizi hata simu yangu hunionyesha niko mtaa gani. Mbona basi ndege kubwa irudi? Na mbona tukiambiwa kampuni fulani itaanza safari za viwanja vyetu vya huku magharibi, miezi hupita bila kuona ndege? Ni marubani waoga, ama ni mitambo ya zamani?

JIBU: Dada, swali hili nimeulizwa Kisumu, nikaulizwa Kakamega, mpaka matangani. Si woga, na mitambo si ya zamani. Rubani aliyekurudisha alijua kabla ya kupaa kwamba huenda akarudi, na mafuta yalipimwa kwa hesabu hiyo: ya kufika Eldoret, ya kwenda uwanja wa akiba, na juu yake ya kubaki hewani dakika 30 zaidi. Mlipokuwa mkizunguka, mlikuwa mkitumia mafuta mengine, yaliyoongezwa juu ya hayo yote ili kuusubiri ukungu upande. Yalipoisha hayo ya kusubiri, akageuza. Hiyo ni safari iliyokwenda kama ilivyopangwa, hata kama mkutano wako uliharibika.

Sasa hiyo GPS. Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Simu yako hukuambia uko wapi. Haikuambii ni njia gani kutoka hapo hadi chini isiyo na kilima wala mlingoti wa simu. Njia ya kuteremkia huchorwa na wataalamu waliopima kila kitu kilichosimama pande zote, kisha hurushwa kwa majaribio, huidhinishwa na kuchapishwa. Njia ya kawaida ya setilaiti huitaka ndege iwe sahihi ndani ya maili 0.3 za baharini, karibu mita 550 kila upande. Zile zinazopita kwenye mabonde membamba hushuka hadi maili 0.1, yaani mita 185. Alaska Airlines ndio walioanza kazi ya namna hiyo katika miaka ya 1990, mjini Juneau, jimbo la Alaska huko Marekani, ambako uwanja umebanwa na milima. Kampuni inayotaka kuruka njia hizo hupewa idhini maalumu, vifaa vyake viwe na vya akiba, na marubani wafundishwe kwanza kwenye simuleta, mtambo wa ardhini unaoiga ndege, wakizimiwa injini na mitambo mpaka mikono izoee. Tableti iliyobandikwa kwenye kioo cha ndege ya kukodi haina hata kimoja cha hayo.

Tena, hata ukiwa na mtambo wa redio wa kuongozea ndege hadi kwenye njia ya kurukia, ule wa daraja la kawaida una kikomo: futi 200 kutoka ardhini. Ukifika hapo huoni taa wala njia yenyewe, unapaa tena. Kutoka futi 200 hadi magurudumu kugusa lami ni kama sekunde 17. Ndani ya muda huo rubani aone, ahakikishe ndege imekaa sawa na njia, kisha aiweke chini. Pasipo na mtambo huo, kikomo huwa juu zaidi. Na kwenye kiwanja kidogo kisicho na njia yoyote iliyochapishwa, kazi yote ni ya macho, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ukisikia mtu "alifika tu" kwenye kiwanja cha namna hiyo siku ya ukungu, alishuka ndani ya wingu akiomba Mungu kwamba chini yake hamna kitu.

Kuhusu miezi mnayosubiri. Watu huona lami na uzio wakadhani uwanja umekamilika. Chukua Eldoret: uko mita 2,116 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25, hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba ndege huhisi iko karibu mita 3,000. Kipimo cha rubani kikisoma mwendo uleule, mwendo halisi huwa umezidi kwa asilimia 16 hivi ukilinganisha na pwani, na nguvu ya kuzuiwa na breki huongezeka kwa karibu theluthi moja. Wakati huohuo injini hutoa nguvu pungufu. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Eldoret ina urefu wa karibu kilomita 3.5, na ndiyo maana mtu huambiwa mizigo yake itafuata kesho. Hesabu ngumu kuliko zote ni ya injini moja kufa wakati ndege inanyanyuka: ndege iliyobakiwa na injini moja ipande vipi, igeukie wapi, ipite juu ya kilima gani. Kisumu iko chini zaidi, mita 1,150 hivi, na magharibi yake kuna ziwa, lakini vilima vya Riat viko karibu, na milima ya Nandi inaonekana kwa macho. Hesabu hiyo hufanywa kwa kila njia ya kurukia, kila upande, kwa kila aina ya ndege.

Hali ya hewa nayo huamua ratiba. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea Nandi na Kericho, na wakulima wa chai wa huko wanaijua mvua ya mawe kuliko watu wa karibu kila mahali duniani. Wingu la radi likimwaga upepo wake chini, ndege inayokuja kutua hupokea kwanza upepo wa mbele unaoinyanyua, kisha ghafla upepo wa nyuma unaoinyima mbawa zake nguvu, tena ikiwa karibu kabisa na ardhi. Kampuni inayopanga kufika saa kumi na moja jioni kwa sababu tu ndege yake haina kazi saa hiyo, haijaifanya kazi yake.

Kisiwa cha Saint Helena, katika Bahari ya Atlantiki, kilijengewa uwanja juu ya majabali. Mwaka 2016, ndege kubwa ya majaribio ilipokwenda, upepo uliokuwa ukipinduka karibu na njia ya kurukia ulionyesha kwamba uwanja hauko tayari kwa ndege za aina hiyo. Ufunguzi uliahirishwa. Safari za kawaida zilianza Oktoba 2017 tu, kwa ndege ndogo zaidi, aina ya Embraer 190, kutoka Johannesburg, ikibeba abiria wachache kuliko viti vyake. Watu walilalamika sana. Mimi nawasifu walioahirisha. Paro kule Bhutan iko juu kidogo tu kuliko Eldoret, lakini imezungukwa na milima, na ndege za abiria hutua mchana, rubani akiona, na marubani walioidhinishwa kwenda huko ni wachache. Hakuna anayewaita waoga.

Kinachonitia hofu ni huku kwetu, hasa msimu wa kampeni na wa mazishi makubwa. Mheshimiwa amechelewa, umati unasubiri uwanjani, na mwenye ndege anajua kuwa akikataa, mwenzake atakubali. Wewe wa Kitale huhitaji kukumbushwa tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyotoka huko kwenda Nairobi ilipogonga Milima ya Nyandarua na watu wote 10 wakafa. Watu wa Nakuru wanakumbuka Aprili 2006, mbunge wao Mirugi Kariuki alipokuwa miongoni mwa watu 14 waliokufa ndege ya jeshi ilipogonga mlima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Kila ajali ina uchunguzi wake na sababu zake, nami siwaweki marubani hao kapu moja na wajanja ninaowasema hapa. Nawataja kwa sababu milima ile iko kwenye kila ramani, urefu wake unajulikana, na hilo peke yake halikutosha.

Na abiria pia wana mkono humu. Mnapomshangilia aliyefika na kumcheka aliyerudi, mnamfundisha rubani kijana, ambaye bado anatafuta saa za kuruka, kwamba kazi yake ni kupendeza watu. Nimewaona vijana hao. Huanza kwa kupita chini ya wingu mara moja, wakafika salama, wakasifiwa. Mara ya pili wingu liko chini zaidi.

Kwa hiyo yule wa rafiki yako, kabla ya kumlipa, muulize mambo machache. Tukikuta ukungu, tutakwenda uwanja gani, na mafuta ya kwenda huko yamo? Marubani ni wangapi? Mtatupima sisi na mizigo kwa mizani, au mtatukadiria kwa macho? Anayefanya kazi hii vizuri hukujibu papo hapo, kwa kuwa majibu ameyaandika kwenye karatasi za safari. Akianza kukueleza ameruka miaka mingapi bila ajali, hajakujibu. Mwisho muombe cheti cha kubeba abiria kwa malipo. Hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na unaweza kuwauliza wao wenyewe kama kampuni hiyo inacho na kama bado hakijaisha muda.