Kuhama chuo chenye jina kubwa Marekani kwenda chuo cha jimbo

Wanaotaka kuhama kwa ajili ya fedha wengi hulinganisha ada zilizoandikwa kwenye tovuti, kumbe hizo sizo wanazolipa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia, hata kwa kijana aliyetoka Mwanza au Mombasa. Vyuo vya majimbo kwa sehemu kubwa havina msaada wa namna hiyo kwa mgeni, na tena humtoza ada ya asiye mkazi. Katika University of California nyongeza hiyo peke yake inapita dola 30,000 kwa mwaka. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) kwa kawaida hahesabiwi mkazi hata akimaliza miaka yote minne pale. Mwanafunzi wa namna hii, kama ana msaada mkubwa, akihama huenda akalipa zaidi.

Kwa raia au mwenye greencard ambaye wazazi wake wanaishi kwenye jimbo lenyewe, hesabu ni nyingine kabisa. Analipa ada ya mkazi, na ruzuku ya Pell, ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, anaweza kuipata huko pia, mradi aongeze chuo kipya kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali hiyo. Fedha za chuo cha zamani haziendi naye. Chukua ada, chumba, chakula, bima na nauli, toa ruzuku (mkopo usiutoe, utaulipa), kisha zidisha kwa miaka iliyobaki.

Hiyo miaka iliyobaki ndiyo inayowaponyoka watu. Shahada nyingi zinadai krediti (vipimo vya kiasi cha masomo) 120 za muhula, na vyuo vingi hutaka 30 hivi za mwisho zisomwe kwao. Amherst huhesabu kozi, 32 kwa shahada, kwa hiyo lazima zigeuzwe kuwa krediti. Somo lenye alama chini ya C mara nyingi hukataliwa. Hatari kubwa ni somo kupokelewa kama la hiari tu: krediti inaonekana kwenye karatasi, lakini haikusogezi kwenye fani yako. Uliza maswali mawili, kwa maandishi: ngapi zimepokelewa, na ngapi zinaingia kwenye fani? Peleka silabasi kamili kwa idara yenyewe. Katika uhandisi masomo yamefungamana. Ukikosa moja linalofundishwa mara moja tu kwa mwaka, umepoteza mwaka.

Kama sababu ni upweke au alama mbaya za muhula wa kwanza, tunakusihi umalize mwaka kwanza. Lakini kama unataka uuguzi na uko Princeton, ambako haufundishwi, hama mapema. Kila muhula unaongeza krediti zisizo na pa kwenda.

Omba nafasi ukiwa bado unasoma. Ukiacha muhula kabla ya asilimia 60 yake kupita, sehemu ya msaada wa serikali kuu hurudishwa, na deni unaweza kubaki nalo wewe. Muulize pia mkuu wa wanafunzi wa chuo ulichopo kama unaweza kuchukua likizo ya masomo, na nafasi yako itashikwa hadi lini.

Mwenye F-1 asiondoke kabla rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) haijapangiwa tarehe ya kuhamishwa. Iwe baada ya mitihani, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi 5. Kazi ya chuoni kwa chuo cha zamani inakoma siku hiyo hiyo, basi panga kodi ya nyumba ya miezi ya kiangazi mapema.