Mwanangu, Watatu Wanatosha Kuanza

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema uliitisha kikao kuhusu ile barabara wanayovuka watoto wa shule, ukaalika vijana thelathini, wakaja watatu. Ndipo ukaniuliza: “Mama, nina miaka 22 na cheo sina. Nitawaongozaje watu ambao hata kikaoni hawaji?”

Mimi nauliza kuhusu hao watatu. Umewapa kazi gani?

Kuna habari ambayo sichoki kuisimulia. Tarehe 1 Februari 1960, mjini Greensboro, Marekani, wanafunzi wanne weusi wa mwaka wa kwanza chuoni waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka moja, iliyotengewa wazungu, wakaagiza kahawa. Wakanyimwa. Hawakugombana na mtu, walikaa tu mpaka duka likafungwa. Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye ujasiri wa wale wanne. Kinachonigusa mimi ni kesho yake. Walirudi, na safari hii walizidi ishirini, wengine wamebeba vitabu vyao, wakajisomea palepale huku hakuna anayewahudumia. Wiki haijaisha, wakawa mamia. Mwezi wa Julai kaunta ile ikaanza kuhudumia watu wote. Nao walianzia bwenini, wakizungumza usiku kama mnavyozungumza ninyi.

Nilipokuwa na umri wako sikulijua hilo. Karibu na madarasa palikuwa na jalala, watoto wakisoma huku wamefunika pua. Nikakesha naandika barua, nikaipeleka peke yangu kwenye ofisi iliyohusika. Karani aliipokea, akaiweka juu ya rundo la makaratasi, akaendelea na shughuli zake. Miezi ikapita. Niliumia sana, kumbe hata jirani mmoja sikuwa nimemshirikisha.

Mara ya pili tulikwenda sita, na daftari la majina ya wazazi. Waliojua kuandika walitia saini, wasiojua waliweka dole gumba. Mkubwa wa ofisi alifungua kurasa moja baada ya nyingine, akizitazama zile alama za wino, kisha akauliza taratibu, “Hawa wote?” Jalala lilihamishwa.

Umri usikutishe. Mwaka 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2250, likizihimiza nchi ziwape vijana sauti zaidi katika maamuzi ya kuleta amani. Ila azimio halitakupigia hodi ofisini. Hodi mtapiga wenyewe.

Basi kaeni kando ya barabara hiyo kwa muda wa saa moja kila asubuhi, mhesabu watoto wanaovuka na magari yasiyopunguza mwendo. Hesabuni siku tano, maana mkihesabu siku moja tu mtaambiwa ni bahati mbaya. Kila mmoja aje na mwenzake. Na wewe, mwanangu, usishike kila kitu. Mwenye mwandiko mzuri mwachie daftari. Mwenye ulimi mtulivu mwache aseme mbele ya wakubwa, hata kama maneno ni yako na moyo unakuwasha kuyasema. Najua hapo patakuwa pagumu kwako kuliko barabara yenyewe, kwa sababu nakujua tangu utotoni.

Ijumaa jioni niandikie. Usinitajie wangapi walikupongeza. Nitajie nani amerudi, na kaja na nani.

Mama yako